Mabinti Watatu katika Kitabu cha Kew

Kwaru, kwaru, kwaru. Mpaka leo nalisikia begi la Bi. Marie, gurudumu moja bovu, likiburuzwa mtaani kwetu Edmonton, Landani. Bi. Marie ni Mmikmaki, wenyeji wa asili wa mashariki ya Kanada, na alifikia kwa jirani yetu. Ofisi ya kwao ilikataa kumwandikisha kuwa Mmikmaki bila karatasi inayomtaja Anne, bibi wa bibi yake. Akiandikishwa, wajukuu watasaidiwa dawa na masomo. Vitabu vya koloni viko huku Landani, naye treni za huku hazijui. Nikasema nitampeleka.

“Siku yako moja ya off, shoga, unakwenda kusoma majina ya wafu?” alinicheka Rehema, ninayeishi naye.

Saa mbili asubuhi tulipanda treni ya Overground, tukabadilisha mara mbili. Njiani Bi. Marie aliniambia, “Bibi alitufundisha tujiite Wafaransa, tusisumbuliwe. Sasa nadaiwa ushahidi wa alichokificha!” Akacheka. Mimi machozi karibu yanitoke.

Kew, kwenye jumba la nyaraka za taifa, saa nne. Mlinzi akamwonyesha loka, kabati la kufungia vitu: peni, koti na kifurushi chake cha tumbaku, kimefungwa kitambaa chekundu, vyote vibaki humo.

Saa nane mchana tukaipata: orodha ya Wamikmaki waliogawiwa blanketi na serikali ya koloni. Baba yake Anne yumo, jina kamili. Pembeni karani kaandika, “na mabinti watatu.” Basi. Hakuna Anne.

Bi. Marie aliweka kidole karibu na maneno yale, bila kuyagusa. “Yumo humu. Ni mmoja wa hawa.”

“Watakubali, Bi. Marie?”

“Sijui, mwanangu. Nitaipeleka hivi hivi.” Akaipiga picha.

Kwenye loka akanipa kile kifurushi.

“Mimi sivuti, mama!”

“Ala! Nani kakwambia uvute? Kwetu anayekusaidia hupewa tumbaku. Ndiyo asante yetu.”

Jioni nilimwacha kituo cha treni cha Paddington, akienda uwanjani kupanda ndege, nikarudi Edmonton peke yangu. Nilidhani mtu kujijua mwenyewe kunatosha. Kumbe kuna meza ya ofisi mahali inangoja karatasi, na karani aliyeiandika alikuwa na haraka zake.

Rehema alikuwa kazini. Nikafungua daftari, nikaandika jina la bibi yangu mzaa mama, Mwanaidi binti Kombo, wa Pangani. Chini yake nikawaandika mabinti zake wanne, mmoja mmoja kwa jina lake, kwa herufi kubwa.