Meza ya Sementi ya Mama Haivunjwi

Enzi zetu, kule mtaani Katuba, msichana hakuonekana amekua mpaka ajue kusafisha jiko. Mama alikuwa na meza tatu, na kila moja ilikuwa na dawa yake. Ya mbao, ya kukatia sombe, majani ya muhogo, ilisuguliwa kwa mchanga laini na brashi, kisha ikatolewa juani. Ubao uliopigiliwa bati, wa kuparia samaki, ulipakwa majivu ya makala, yaani mkaa, mpaka ung'ae, halafu ukapitishiwa ndimu kuua harufu. Na kubwa lao, meza ya sementi ambayo baba aliimwaga kwa mikono yake chini ya dirisha, ilitaka maji ya moto na sabuni ya kipande tu. Vijana wa leo wana chupa moja ya kupulizia. Wanapuliza meza, kioo, choo, na nadhani hata watoto.

Nilikuwa na miaka tisa hivi, asubuhi ya komunyo ya kwanza ya kaka yangu. Nilitumwa kusafisha ile sementi, nikaona uvivu kusugua, nikaikamulia ndimu. Ikatoa povu, nami nikafurahi, nikidhani uchafu unakufa. Ilipokauka likabaki baka jeupe linalokwaruza kama ulimi wa paka. Mama akaingia na sufuria ya bukari, ugali wetu, akasimama.

"We mutoto! Sementi haipendaka ndimu! Ndimu inaikulaka!"

Hakunipiga. Alinipa jiwe la mtoni, nikasugua kila siku baada ya shule, wiki nzima, mpaka vidole vikachubuka. Yeye alikaa kando akichambua sombe na kuimba nyimbo za kanisa. Nilimchukia wiki ile. Leo ningetoa chochote nimsikie akinikaripia tena.

Mama hayupo, nyumba nimebaki nayo mimi. Binti yangu Clarisse ameolewa mtaa wa Bel-Air, na meza ya jiko lake ni ya marumaru. Mwezi uliopita aliisafisha kwa ndimu na siki, alivyoona kwenye simu, ikaingia mabaka. Nilimwambia kosa lake, akacheka. Halafu huyo huyo akaniletea fundi avunje sementi ya mama na kuniwekea marumaru, eti zawadi.

"Maman, hii meza iko ya kizamani. Bantu banacheka."

Waache watu wacheke! Fundi alipofika Jumamosi na nyundo yake, nilipanda kiti, nikakaa juu ya meza, mimi mwenye magoti mabovu na wajukuu sita. Mama angeniona nimekalia mahali pa chakula, angenishusha kwa mwiko.

"Maman, shuka! Fundi anangoja!"

"Shishuki. Aanze na miye."

Fundi akatazama nyundo, akanitazama, akaomba chai. Clarisse akaenda kuchemsha maji, amenuna.

Majiko ya leo ni mazuri, sikatai, yanang'aa kuliko yetu. Lakini yetu yalikuwa na mtu anayeyajua, na sisi tulikaripiwa mpaka tukajua. Hilo silioni siku hizi, na linaniuma.

Clarisse akarudi na vikombe, akaviweka kando yangu juu ya sementi. Akauliza kwa sauti ya chini:

"Maman, na ile meza yangu ya marbre, banaisafishaka na nini?"

Nikamjibu: kama hii tu, maji ya moto na sabuni ya kipande. Lakini sikushuka.