Milimita Saba za Bibi Harusi

Shangazi yangu anatunza kima kwenye taasisi ya utafiti. Kima hao wana virusi vinavyokula kinga ya mwili, ndugu wa vile vinavyotusumbua sisi watu, na baadhi yao huota saratani kwenye tezi. Madaktari huwajaribia dawa, kila mmoja na dozi yake. Shangazi huwalisha, huosha vizimba, na kila Jumatatu hupima uvimbe wa kwapani.

Wapimaji wengine humchoma kima sindano ya usingizi kwanza. Kwa shangazi, kima hupitisha mkono mwenyewe kwenye nondo, kama mtoto anayevalishwa shati. Ndiyo maana hakuna aliyewahi kurudia vipimo vyake. Mlinzi wa getini humtania, "Mke wa kima, umefika?"

"Nimefika, shemeji. Nduguzo wanakusalimia."

Kima namba thelathini na moja shangazi alimwita Bibi Harusi, kwa sababu akiona mgeni hujifunika uso kwa viganja. Sheria ya pale ni kwamba uvimbe ukifika milimita ishirini, mnyama anachomwa sindano ya mwisho siku hiyohiyo, asiteseke. Jumatatu moja uvimbe wa Bibi Harusi ukasoma ishirini na moja. Shangazi akaandika kumi na saba. Alidhani anamwongezea wiki moja tu. Wiki ya pili kumi na saba, ya tatu kumi na saba, na uvimbe wenyewe ulishafika ishirini na nne.

Nyumbani tuliona tu kwamba anaepua sufuria halafu anasimama nayo. Baba, ambaye ni kaka yake, akamwambia, "Dada, weka chini, utaungua."

Ijumaa ndipo alipomweleza, mimi nikichambua mchele pembeni. Mchana huo daktari alikuwa amemshika bega akicheka: "Mama, tezi za wenzake zote zinakua, ya thelathini na moja imesimama. Dozi yake ndiyo yenyewe. Jumatatu napeleka ripoti, tuombe ruhusa ya kuwapa wagonjwa."

"Si unyamaze," baba akasema. "Hiyo dawa itaua mtu?"

"Haitaua. Mtu ataimeza akidhani anapona, na ugonjwa unaendelea kumla."

"Watakufukuza, kwa ajili ya kima."

Shangazi akanipokea ungo, akaendelea kuchambua mchele. Jumamosi na Jumapili alikula kama anayemeza kokoto.

Jumatatu aliingia kwa daktari kabla hata ya kuvaa nguo za kazi, akamweleza yote. Daktari alimtaka arudie vipimo vya kweli, kimoja baada ya kingine, akiandika.

"Na wengine?"

"Huyo tu."

"Nitakuaminije?"

"Usiniamini. Wapime wote upya."

Saa nne Bibi Harusi akachomwa ile sindano ya mwisho. Shangazi hakuruhusiwa kuingia. Kima arobaini walilazwa usingizi mmoja mmoja, kwa siku mbili, shangazi amekaa kwenye benchi la ukumbini, kila mlango ukifunguliwa anainuka. Ikikutwa namba nyingine ya uongo, kazi ya miaka mitatu inatupwa.

Jumanne alasiri daktari akatoka na karatasi zake.

"Wengine wako sawa. Ile dozi tumeiondoa kwenye ripoti." Akapanga karatasi taratibu. "Kupima hutapima tena, mama. Hapa au popote nilipo mimi."

"Sawa, daktari."

"Nenda basi. Vizimba havijaoshwa tangu jana."