Alama Niliyompa Baba

Mimi ni mama wa Kikenya wa makamo, na mpira wa Kimarekani naujua kuliko wanaume wengi wa kanisa letu. Nisipojisifu mwenyewe, nani atanisifu? Nilifundishwa na mzee mmoja niliyekuwa nikimtunza kule Rockville, nje kidogo ya Washington. Alikuwa amepooza upande mmoja, na siku za mechi hakukubali kuogeshwa mpaka timu ya hapa imalize kucheza. Nikawa namngoja huku akinieleza nani anafanya nini uwanjani. Alipofariki aliniachia ugonjwa wake: kuipenda timu ya Washington na kuwachukia majirani watatu, yaani zile timu tatu tulizo nazo katika kundi moja.

Kila mwaka baridi ikishapungua, timu huchagua vijana kutoka vyuoni, kwa zamu, kwa muda wa siku tatu. Wataalamu wa runinga hubishana kuhusu kasi na kimo. Mimi nafuata njia ya yule mzee. Usiulize kijana ni mzuri kiasi gani, uliza atakutana na nani. Hawa majirani tunacheza nao mara mbili kila msimu, kwetu na kwao. Ukichagua mtu wa kumlinda kotabeki, yaani yule mrushaji, mpime kwa yale majitu ambayo majirani wamechagua yaje kumwangusha. Nikishampima nampa alama, A mpaka E, kama mtihani wa kwetu. Na sina huruma. Kuna mtoto wa mtu niliyewahi kumpa D kabla hata hajavaa jezi.

Siku ya tatu ni Jumamosi, na hiyo naisikilizia redioni jikoni kwangu, Bowie. Runinga siwashi, maana siku hiyo majina hupita chini ya kioo upesi kuliko macho yangu. Mwaka huo tulikuwa watatu. Kulikuwa na mwalimu mmoja wa Wheaton, Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili chuoni kisha akaenda kukimalizia Dar es Salaam, na anakiongea kama anayesoma taarifa ya habari. Na kulikuwa na rafiki yangu wa miaka mingi, ambaye tunatunza wazee pamoja. Mpira haupendi hata kidogo, anauita ile vita yenu. Siku hiyo alikuja bila kualikwa, akavaa aproni yangu, akasema atatupikia chapati.

Wewe msomaji jua jambo ambalo mimi sikulijua. Alikuwa anangoja jina la mwanawe. Kijana alikuwa amemwambia kwamba huenda akaitwa siku hiyo ya mwisho, na asipoitwa basi mpira kwake umekwisha, atafute kazi nyingine. Mama huyo hakulala usiku kucha. Mimi nilidhani macho yamemvimba kwa sababu ya zamu.

Kijana huyo sote tunamwita Baba. Alipewa jina la babake mama yake, na kwa desturi ya kwao mama hamwiti mtoto wa namna hiyo kwa jina, kwani ni kama kumwita mzazi wako kwa jina. Anamwita Baba. Nasi tukafuata. Nilimjua akiwa mtoto wa shule ya msingi. Nimemlisha, nimemfukuza kwenye friji yangu, nimempeleka mazoezini mama yake akiwa kazini. Baadaye alienda chuo kidogo mbali sana na hapa. Nilijua anacheza mpira huko, lakini nilidhani anajilipia karo tu. Jina lake la cheti sikuwahi kuliuliza.

Basi tukaendelea. Timu yetu ilichagua mlinzi mwenye mabega mapana, nikampa B.

"Naomba kutofautiana nawe, dada," mwalimu akasema. "Kijana huyu anastahili A."

"Tofautiana tu. Akikutana na yule mkora wa majirani wa kusini, mtu wako atakalia makalio."

Rafiki yangu alicheka kidogo, kisha akauliza bila kugeuka, "Kwani wamebaki wengi?"

Nilishangaa. "Wewe tangu lini?"

"Nauliza tu," akasema, akaendelea kusukuma chapati. Alikuwa amesukuma moja mpaka ikawa nyembamba kama karatasi, na bado anaisukuma.

Mwishoni kabisa ikafika zamu ya wale majirani wa kaskazini, ambao nawachukia kuliko wote. Mtangazaji akasoma jina. Sijui alilisoma vipi. Alikwama katikati, akarudi nyuma, akalimaliza kwa kulivuta puani. Nilicheka mpaka nikashika meza, hata chuo sikukisikia. Nilichosikia ni kwamba kazi yake ni kuwaangusha warushaji.

"Ati nani?" nikasema, nikaliiga lile jina vilevile, puani, tena mara mbili. "Wamekosa watu kabisa! Huyu mtu wetu wa B atamlaza mchana kweupe. E! Andikeni E."

"E ni alama gani?" mwalimu akauliza. "Kwetu hatuna."

"Ni ya mwisho kabisa. Chini yake ni kurudi nyumbani kuchunga mbuzi."

Hapo rafiki yangu akalisema lile jina. Alilisema polepole, akigeukia ukuta, akiweka kila silabi mahali pake. Halikuwa tena lile la puani. Lilikuwa jina la kwetu, la bara, jina la mzee unayeweza kumkuta sokoni.

"Huyo ni nani?" nikauliza.

"Ni Baba."

Nikamtazama. Nilidhani uchovu umemzidi. "Baba yako? Si alifariki? Si tulikuja matanga kwako?"

Simu yake ikaanza kutetemeka mezani, katikati ya unga. Niliisoma kichwa chini. Iliandikwa BABA.

Chapati iliyokuwa kwenye kikaango ikaungua na hakuna aliyeigusa. Wachezaji wa kundi zima nawajua, hadi wa akiba. Mtoto aliyekulia kwenye friji yangu nilikuwa nimemcheka jina lake kama mgeni.

"Kwa nini hukuniambia?" nikasema, na sauti ikatoka ndogo.

"Ningekuambia ungempa alama." Hakusema kwa hasira. "Akiwa sekondari ulisema ana miguu mizito. Ulikuwa umekaa mbele yangu uwanjani, hujui niko nyuma. Alikusikia pia."

Sikuwa na kumbukumbu yoyote ya maneno hayo, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Akapokea simu na mikono ya unga, na sauti ya kijana ikajaa jikoni.

"Mum! Did you hear it?"

"Nimesikia, Baba. Nimesikia." Ndipo akalia. Alilia kwa sauti, amefunika uso kwa aproni yangu, na mwalimu akazima redio na jiko pamoja.

Kijana akauliza mama yuko wapi. Akajibiwa, kwa Auntie, yaani kwangu. Akacheka, kicheko kilekile cha utotoni.

"Auntie ako hapo? What did she give me?"

Alitaka kujua nimempa alama gani. Nilitamani ardhi inimeze. Mwalimu akatazama dirishani. Rafiki yangu akafuta machozi, akaninyooshea simu. "Mwambie wewe," akasema. "Na usimwongezee."

Nikaipokea. Niliona heri nianze na jina lake, lote, nilitamke kama mama yake alivyolitamka. Nikavuta pumzi, nikaanza, na nilipofika katikati nikalikosea, palepale alipokwama mtangazaji. Hata ile E sikuifikia. Baba akanijibu kwa Kiingereza, kwa upole, kwamba nisijali, kila mtu hulikosea.