Mashine ya Baruti Kwenye Chai ya Mama Mkwe

Hadi leo nikikutana na mtu wa Vårby gård, mtaa wa wakwe zangu, kwenye treni najifanya nasoma simu, aibu bado inaniwasha masikioni, lakini kwa kuwa habari imeshawafikia nusunusu, na kila anayeisimulia anaongeza chumvi yake, bora mnisikie mimi mwenyewe niliyeaibika.

Mnajua ninapenda kulenga shabaha. (Msiojua: nina leseni, nina klabu, nina kabati la chuma, kila kitu ni halali, tulieni.) Na mtu akishazama kwenye mchezo huu hachelewi kuanza kujaza risasi zake mwenyewe, kazi ya mezani, ya kimya, ya kupima baruti kwa kijiko na mzani mdogo, punje hii ongeza, punje ile toa, mpaka shingo inakakamaa. Basi kuna mashine inayofanya hayo yote peke yake. Unaiambia uzito unaotaka, inamimina, ikikaribia inapunguza mwendo, inadondosha punje mojamoja kama mtu anayetia chumvi kwenye mchuzi wa wageni, halafu inalia pii. Jamani, niliitamani mashine ile. Nanunua, sinunui, nanunua, sinunui. Kwa upande mmoja ni ghali na mikono ninayo, kwa upande mwingine nikifumba macho naiona ikidondosha.

Lennart, mzee wa klabuni anayekaa Spånga, alichoka kunisikiliza. Alikuwa na yake anayotaka kuiuza, akaniambia njoo Jumamosi uichukue, kaa nayo mpaka Jumatatu, ukiipenda nunua, usipoipenda irudishe na mada tuifunge.

Sasa Jumamosi hiyohiyo nilikuwa natakiwa Vårby gård kwa mama yake Sanyu. Sanyu ni mchumba wangu, amezaliwa hapahapa Sweden, na mama yake ni Mganda aliyekimbia kwao akiwa msichana baada ya watu wenye bunduki kuingia nyumbani kwao (Kiswahili alikipata Nairobi alikokimbilia kwanza, ndiyo maana tunaelewana). Bunduki haitajwi mbele yake. Hata filamu ikianza milio ya risasi anazima. Kwa hiyo mimi na Sanyu tulikubaliana tutamwambia habari za klabu polepole, siku nzuri ikipatikana, na hiyo haikuwa siku yenyewe, maana nilikuwa nakwenda kutazamwa na ndugu na watu wa kanisa, wakiongozwa na senga, yaani shangazi yake Sanyu, ambaye kwa Waganda akikukataa huoi.

Mtu mwenye akili angeipeleka mashine nyumbani kwangu Hagsätra kwanza. Mimi nikasema nitachelewa. Ukweli ni kwamba nilitaka kuipakata kwenye treni nisome kijitabu chake. Uamuzi wenyewe ulikuwa huo tu.

Nikafika na mfuko wangu. Ukumbi wa chini ya ghorofa umejaa, kina mama wako mezani wanatia masala ya chai ya Mama kwenye vipakiti vya kuwagawia wageni, kwa kijiko, huyu anaweka kidogo, yule anafurisha, na Senga analalamika kwamba watu watalinganisha vipakiti na kununiana. Nikausukuma mfuko chini ya kiti. Senga, ambaye haombi ruhusa, akauvuta, akachungulia, akaitoa mashine na kuiweka mezani mbele ya Mama.

"Hiki nini, mkwe?"

Ningesema ni cha rafiki yangu, yakaisha. Lakini Mama alikuwa ananitazama, na mzani unaonekana, na kopo la kumiminia linaonekana, na mdomo wangu ukaenda wenyewe.

"Ni mashine ya kupimia viungo, Mama. Nimeileta tuijaribu."

Ikachomekwa kwenye umeme. Masala yakamiminwa (Mama huwa hasagi laini sana, laiti angesaga laini ingekwama na mimi ningepona), nikabonyeza uzito, ikaanza. Yesu wangu. Ikamimina, ikapunguza mwendo, ikadondosha, pii. Kina mama wakapiga makofi. Kipakiti kingine, pii. Vyote sawasawa. Nikasahau uongo, nikasahau Mama, nikawa nawaeleza jinsi inavyohisi hata pumzi, msiikaribie mkihema, na wazee wazima wanarudi nyuma wamebana pumzi, na moyoni nimeshaamua, nanunua, liwalo na liwe. Senga akapiga kigelegele, akasema mkwe huyu ana kichwa. Mama akacheka, na sikuwahi kumwona akicheka kwa sababu yangu. Akaagiza masala yaliyopimwa yatiwe kwenye sufuria kubwa, wageni wanywe.

Sanyu akaingia na sinia la mandazi, akaiona mashine, akasimama. Akaninong'oneza kwa Kiswidi, "Är du inte klok?", yaani nina wazimu au vipi. Nikamwambia tulia, ni safi, haijatumika. Na hapo ndipo nilipojiuliza nimejuaje kwamba haijatumika.

Nikamtumia Lennart ujumbe. Akajibu papo hapo: ameitumia msimu mzima, baruti huwa inabaki kwenye bomba, nisisahau kuipiga brashi kabla ya kuanza.

Nikainua macho. Chai inamiminwa. Mchungaji ameshapewa kikombe, anapuliza. Baruti kidogo hivyo sijui ingemfanya nini mtu, pengine tumbo tu, pengine hata hilo hapana, na kusema kweli nilitamani kunyamaza, maana harusi yangu yote ilikuwa mle ukumbini. Lakini Mama naye akainua kikombe.

"Msinywe," nikasema, sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyokusudia. "Mama, weka chini. Hii si mashine ya viungo. Ni ya kupimia baruti. Ya risasi. Risasi zangu."

Mchungaji akarudisha kikombe mezani kwa mikono miwili. Senga, aliyekuwa ameshaonja, akatema kwenye leso. Mtu mmoja akauliza kwa upole kama chai inaweza kulipuka, na mimi, badala ya kusema hapana, nikaanza kueleza.

Mama hakupiga kelele. Alimwaga sufuria nzima kwenye sinki, masala aliyoyasaga mwenyewe, kisha akaja mbele yangu.

"Ssebo," akasema (akikuita bwana kwa Kiganda ujue umekwisha), "wale walioingia kwetu hawakujifanya wageni. Wewe nimekukaribisha, nimecheka na wewe, kumbe unanidanganya."

Machozi yalinitoka mbele ya kanisa zima. Akaniuliza kwa nini sikunyamaza tu, nani angejua. Nikamwambia nilimwona ameshika kikombe. Akamgeukia Senga, akamwambia abandike maji mengine.

Mashine niliinunua, maana Lennart alinusa iliki ya masala mle ndani akacheka mpaka akaketi, akakataa kuipokea. Inapima vizuri ajabu. Na nimeapa kwamba mtu akiniuliza nimebeba nini, namwambia, hata asiponiuliza namwambia, ndiyo maana siku hizi kwenye treni nakaa peke yangu.

Harusi ipo. Ila kwa Mama chai ikishamiminwa hakuna anayegusa kikombe chake, si Senga, si Mchungaji, si hata Sanyu wangu. Wanaweka mikono mapajani na kunigeukia, na Mama anasema, "Anza wewe."

Nami nanywa ikiwa moto hivyohivyo.