Kadi ya Mzee Aroni Iliyoziba Dirisha Letu

Baba yangu anaitwa Isakwisa, na kama unaishi Mbalizi na una redio basi unamjua, hata kama humpendi. Ni yule wa saa moja asubuhi, wa kipindi cha Pazia. Anaanza kwa kukohoa kidogo, halafu anasema, "Mimi sisemi kitu, ila nilikuwepo." Baada ya hapo anasema saa nzima.

Alikuwepo kweli. Kabla ya redio alikuwa mtu wa kampeni, na kabla ya kampeni alikuwa anauza dawa ya panya sokoni, na kipaza sauti amekifunga kwenye baiskeli. Mama anasema hizo kazi mbili ni moja: unahitaji sauti, na unahitaji kuhama kabla watu hawajarudi kulalamika. Mgombea mmoja alipita sokoni akamkuta anaelezea habari za panya mpaka watu wamesahau walichokuja kununua, akamwambia, "Wewe, acha panya, njoo uniongelee mimi." Baba akapanda gari lake palepale. Baiskeli aliiacha na hakuiona tena.

Wanaomchukia ni wengi kwa sababu amevifanyia kazi vyama vyote. Wa huku wanasema aliwasaliti akaenda kule, wa kule wanasema aliwasaliti akarudi huku. Yeye anajibu kwamba fundi bomba haulizwi anampenda nani, anaulizwa maji yanatoka au hayatoki.

Kazi yake hasa ilikuwa kutafuta watu wa kurudisha kadi. Mkutanoni, mgombea akishamaliza kuahidi, watu wa chama kingine wanapanda jukwaani mmoja mmoja, wanarudisha kadi zao za zamani, wanasema maneno mawili kwenye maiki, na uwanja unalipuka. Kila mgombea anataka wengi. Sasa wa kweli hawatoshi. Baba alikuwa na watu kumi na wawili wa kudumu. Asubuhi walirudisha kadi Mbalizi, wakala wali, wakabadilisha kofia, jioni wakarudisha kadi Tukuyu. Mmoja wao alihama chama mara thelathini na moja ndani ya mwezi mmoja, na siku ya kupiga kura hakwenda, alikuwa amelala, amechoka.

Halafu chama alichokuwa anakifanyia kazi kikashindwa, na baba akakaa nyumbani miezi saba anasikiliza redio na kuibishia. Siku moja alikwenda pale redioni kupeleka tangazo la msiba wa shangazi yake. Studio iko juu ya duka la Mzee Burhanuddin, mwenye redio hiyo, anayeuza mabati na misumari, na kuta zake zimebandikwa trei za mayai ili sauti isigonge. Mtangazaji alikuwa hajafika. Baba akaambiwa asome mwenyewe. Akasoma jina la marehemu, akasoma siku ya mazishi, halafu akaeleza wanasiasa gani wangekuja msibani kulia, na kwa nini, na nani aliwahi kulia msiba wa watu asiowajua. Mzee Burhanuddin chini dukani aliacha kupima misumari. Jumatatu baba alikuwa na kipindi.

Kwa hiyo tukawa nyumba ya mtu maarufu. Hayo yote yalikuwa sawa mpaka dada yangu Frida, ambaye anafanya kazi ya unesi Tosamaganga huko Iringa, alipomleta nyumbani kijana mmoja mpole anaitwa Filemoni. Akasalimia vizuri, akakaa kwenye ncha ya kiti.

"Kwenu wapi, kijana wangu?" baba akauliza, mdomo umejaa ndizi.

"Mufindi, baba. Igowole."

Baba akaacha kutafuna. "Igowole ipi?"

"Si iko moja tu, baba."

"Na babu yako ni nani?"

"Mzee Aroni. Alikuwa mzee wa kanisa."

"Alikuwa," baba akasema polepole, na hakumaliza ndizi zake. Mimi nilimwona. Hajawahi kuacha ndizi.

Baada ya wiki tatu tukaambiwa mshenga anakuja. Mama akachinja kuku wawili, akaazima kwa jirani vikombe vyenye visahani. Tulijua analeta barua ya posa. Akaja mtu mrefu mwenye koti zito, anaitwa Joachim, akasema "Kamwene", salamu ya kwao, kwa wote, akala kuku vizuri, akanawa. Halafu akaweka mikono juu ya meza, mitupu.

"Barua sina," akasema. "Mzee Aroni anasema haiandiki. Kwanza anauliza, kadi yake iko wapi?"

Mama akamgeukia baba. "Kadi gani, baba Frida?"

"Mambo ya zamani hayo."

"Miaka tisa," Joachim akasema. "Si zamani kwa mtu anayekaa benchi la nyuma."

Ndipo tukaambiwa. Miaka tisa iliyopita baba alipeleka mgombea Igowole. Alikuwa amemwahidi watu arobaini wa kurudisha kadi, na wale wake wa kudumu walikuwa wamekwama na lori njiani. Akaokota watu uwanjani palepale. Walipofika thelathini na tisa akamwona Mzee Aroni kasimama karibu na jukwaa na koti lake la Jumapili. Akamwomba apande. Mzee akasema hana kadi ya chama chochote. Baba akamwambia, "Una kadi yoyote mfukoni? Inua hiyo. Kutoka kule chini nani ataisoma?"

Mzee alikuwa na kadi ya usharika, ile anayogongewa mhuri wa ahadi zake kanisani. Akapanda nayo. Baba akamnong'oneza maneno, naye akayasema kwenye maiki: "Nimechoka kudanganywa! Leo narudisha!" Uwanja ukalipuka. Baba akaichukua kadi, akaitupa kwenye mfuko pamoja na zile nyingine, wakaondoka mbio kuwahi mkutano mwingine.

Shida ni kwamba kwaya nzima ya kanisa ilikuwa imekaa mstari wa mbele, imekodiwa kuimba. Kadi ya usharika wa Igowole ni ya bluu na ina msalaba mkubwa. Wenyewe wanaijua hata ikiwa imefungiwa vitumbua.

"Jumapili yake wazee wakakaa," Joachim akasema. "Mzee mwenzetu amerudisha kadi ya kanisa hadharani, tena kwa kipaza sauti, na kusema amedanganywa. Wakamweka nje ya kundi. Mchungaji akamwambia atubu mbele ya watu, arudi kundini. Mzee akakataa. Anasema, sijatoka, nirudi kutoka wapi? Kwa hiyo tangu siku ile yuko benchi la nyuma, meza ya Bwana hakaribii. Na anasema mjukuu wake hataoa nyumba ile mpaka yule bwana aseme ukweli redioni kwa sauti ileile, kisha alete kadi kanisani kwa mkono wake. Kuku ni mzuri sana, mama. Ahsante."

Frida alikuwa amesimama mlangoni. Hakulia. Alisema tu, "Baba, mimi nampenda huyu mtu," akaenda kuosha vikombe vya watu.

Kadi ilipatikana upesi kuliko tulivyotegemea. Ule mfuko wa kadi za baba, mama alishaumaliza zamani kwa kuwashia moto, isipokuwa kadi ngumu alizozitumia kwa kazi za nyumbani. Nyingine ziko chini ya mguu wa kabati. Mama akasimama katikati ya chumba akawaza, halafu akasema, "Ile inayozuia baridi dirisha la jikoni si ina msalaba?" Akaenda akaichomoa. Ilikuwa imekunjwa mara mbili na imepauka upande mmoja, lakini jina lilisomeka: Aroni. Upepo wa Mbeya ukaingia jikoni, tukaziba kwa kitambaa.

Kwa hiyo kadi ilikuwepo. Kazi ilikuwa kusema.

Baba alikwenda kwanza kumwomba ruhusa Mzee Burhanuddin. Mimi nilikuwa nimetumwa misumari dukani, nikasikia.

"Bwana Isakwisa," Mzee Burhanuddin akasema, "watu wanakusikiliza kwa sababu unawavua nguo watu wengine. Ukijivua mwenyewe, kesho nani atakuamini? Nitaleta mtu wa mpira kwenye saa yako. Nakwambia kweli kabisa."

"Ni binti yangu, mzee."

"Mimi pia nina mabinti wanne. Hakuna hata mmoja aliyenifanya niseme kweli dukani."

Baba akarudi nyumbani hana raha. Siku tatu alitembea uani anafanya mazoezi ya kusema, na kila mara alipofika kwenye jina lake mwenyewe alikohoa. Ijumaa akaenda kazini amevaa shati la harusi za watu. Sisi tukawasha redio jikoni. Tulijua Igowole nao wanasikiliza, kwa sababu mwaka jana Mzee Burhanuddin aliweka mnara wa pili upande wa Mafinga.

"Mimi sisemi kitu, ila nilikuwepo," baba akaanza. "Leo nitawaeleza habari ya mtu mmoja wa kampeni, jina simtaji, alikwenda Mufindi akamchukua mzee wa watu, mzee wa kanisa, akampandisha jukwaani na kadi ya usharika. Mtu huyu, wapenzi wasikilizaji, jamani, binadamu tuna mambo!"

Akaisimulia vizuri mno. Ilikuwa na lori lililokwama, kwaya iliyoshika midomo, kila kitu. Ila yule mtu hakuwa na jina. Mpaka mwisho hakuwa na jina. Halafu akafungua simu.

Mama akafuta mikono kwenye kitenge, akachukua simu yake.

"Haloo, nani mwenzetu na unapiga kutoka wapi?" redio ikauliza.

"Esnath, wa Mbalizi," mama akasema, na sauti yake ikatoka jikoni na redioni kwa pamoja.

"Karibu, mama. Una maoni gani?"

"Mtaje."

"Mama, kwa maadili ya utangazaji..."

"Mtaje jina. Watu wanachelewa shamba."

Tukasikia kikohozi. Tukasikia kikohozi kingine. Halafu baba akasema kwa sauti ambayo hata mimi sijawahi kuisikia, ndogo, kama ya mtu anayeomba maji: "Ni mimi. Mzee Aroni hakuacha kanisa lake. Maneno yale niliyatunga mimi. Nilibakiza mtu mmoja kutimiza arobaini."

Tangazo la mabati likaingia haraka, likapigwa mara mbili mfululizo. Frida alikuwa ameshika simu, anaongea na Filemoni kwa kunong'ona. Mama akaketi. Mimi nilifikiri basi, kesho ni mtu wa mpira.

Lakini tangazo lilipoisha simu zilianza. "Mimi ni yule wa mara thelathini na moja," wa kwanza akasema. "Nataka kuuliza, mlituahidi makoti ya mvua." Wa pili alikuwa wa Makete, anasema alirudisha kadi ya kliniki ya mkewe, na mtoto alisumbuliwa sana kwenye chanjo. Wa tatu alitaka kutubu lakini hakumbuki aliishia chama gani. Baba akawajibu mmoja mmoja, na kwa kila mmoja alisema, "Ni kweli, ni mimi, unisamehe." Kipindi kikapita saa yake. Baba alisema baadaye kwamba Mzee Burhanuddin alikuwa nyuma ya kioo anamkatia shingo kwa kidole tangu aliposema "ni mimi", lakini alipoona taa za simu hazizimiki, kidole kikashuka, akaenda kumletea chai mwenyewe, na ndani yake tangawizi.

Jumapili tukaenda Igowole. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya mashamba ya chai, baridi kali. Kanisa lilijaa mpaka madirishani, kwa sababu kila mtu alikuwa amesikiliza. Mzee Aroni alikuwa benchi la nyuma kabisa, peke yake, na koti lake la Jumapili. Mchungaji akamwita baba mbele, akampa maiki, akamwambia dakika mbili.

Baba akaishika. Ukimpa maiki mbele ya watu wengi mkono wake wa kulia unapanda wenyewe. Ukapanda. "Ndugu wananchi!" akasema, na kina mama wawili wa kwaya wakakaribia kuitikia. Akashtuka, akaushusha mkono. Akatoa kadi mfukoni.

"Hii ni ya Mzee Aroni," akasema. "Hakuirudisha. Niliichukua. Imekaa dirishani kwangu miaka tisa, imezuia upepo. Naomba mzee aje aichukue, na naomba anisamehe."

Mzee Aroni akainuka. Alitembea polepole kutoka nyuma mpaka mbele. Akaikunjua kadi, akaangalia pande zote mbili, akaitia mfuko wa ndani wa koti. Halafu akanyoosha mkono tena. Baba akadhani anataka kupeana mkono, akamnyooshea wa kwake. Mzee akaupita, akachukua maiki.

"Kwanza," akasema, "Isakwisa, nimekusamehe. Kakae." Baba akakaa. "Pili, na mimi niseme. Mnauliza kwa nini nilipanda siku ile. Nilikuwa mzee wa kanisa hapa miaka kumi na minne. Matangazo anasoma katibu. Sala anaomba mchungaji. Kwaya inaimba. Hiki chombo hakijawahi kunifikia hata siku moja. Yule bwana aliponiambia nitashika maiki, sikuuliza ni ya nini."

Kanisa likacheka, hata mchungaji, na mchungaji akasogea kuichukua maiki. Mzee akasogea upande mwingine. "Tatu," akasema, "kuhusu mjukuu wangu, barua nimeiandika jana. Joachim anayo. Nne."

Mchungaji akaangalia saa yake. Mzee alipofika hoja ya tisa, nilimwona Joachim anapita pembeni ya mabenchi mpaka tulipokaa, akainama sikioni kwa mama, na barua ameishika kwa mikono miwili.

"Mama Frida, babu anapendekeza harusi iwe Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa kumi. Inawafaa?"

Mama akaangalia mbele, Mzee Aroni alikuwa anahamia upande wa kinanda na maiki yake, anaanza ya kumi.

"Inatufaa," akasema. "Ila muulize kama atakuwa amemaliza."