Pawasaplai Nzito

Juzi, nikipanga vitu vya marehemu mama, nilifungua pawasaplai ya kompyuta yake ya zamani, lile boksi la chuma linalopokea umeme na kuugawa ndani ya mashine. Pembeni ya nyaya chache nyembamba nilikuta kipande cha zege kimegandishwa kwa gundi.

Nikalikumbuka duka la Mjomba Shaibu, kaka yake mama, pale Kariakoo, na harufu yake ya plastiki mpya na maboksi ya Dubai. Mama alikuwa anafungua kiofisi cha kuchapa barua Magomeni, na mashine yake ilitaka wati mia tatu. Mjomba alinipakatisha pawasaplai mbili, moja baada ya nyingine.

"Ipi nzito, binti?"

"Hii."

"Umeona, dada? Mtoto hadanganyi. Hiyo ndiyo yenye wati nyingi."

Nilijivuna. Nilidhani wati hupimwa kwenye mizani, kama sukari.

Haukupita muda, chumba kikajaa moshi mchungu na kompyuta ikazima moja kwa moja. Mjomba alikuja, akakaa karibu na mama, akatikisa kichwa.

"Pole, dada. Umeme wa Magomeni huu, hauna adabu."

Mama akarudia taipureta yake. Kila taa zilipofifia aliulaani umeme, na Mjomba, akiwepo, aliitikia. Mama aliulaani maisha yake yote. Siku ya kumzika, Mjomba ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea.