Picha Alizoweza Kuziona Dada

Siku daktari alipomwambia dada yangu kwamba presha ya macho imeshaharibu mishipa, na kilichoharibika hakitarudi, tulirudi nyumbani kwetu Miyuji, hapa Dodoma. Tulipokuwa tunachambua mchele akaniambia:

"Jumamosi nitoe. Nataka kuutazama mji ningali naona. Njoo na simu yako unipigie picha, nizitazame vizuri nikikaa."

Alikuwa mwalimu mstaafu na mjane. Amenizidi miaka mingi, hata leo namwamkia shikamoo. Nikamwitikia tu, nikageuza uso.

Picha zangu za kwanza zilikuwa hovyo. Nilisimama mbali nikitaka kila kitu kiingie: soko lote, watu, vilima, mawingu. Dada aliishika simu karibu na pua akawa anaisogeza huku na huku. Alikuwa amebaki anaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba.

"Hapa umepiga nini?"

"Soko, dada."

"Soko silioni. Naona bati." Akasogeza. "Sasa naona mguu wa mtu."

Basi nikaanza kujiuliza, kabla ya kubonyeza, nataka aone kitu gani. Kimoja. Nikasogea kwa miguu yangu, maana nilipovuta kwa vidole picha ilivurugika na yeye akaona madoa. Tulitoka mapema, kwa sababu jua la Dodoma likishapanda, nyuso zote zinakuwa nyeusi chini ya kofia. Na vumbi la kiangazi! Nilifuta kioo cha kamera kwa pindo la kanga kila tuliposimama.

Asubuhi moja tulimkuta mama mmoja akiosha zabibu kando ya barabara. Nilimwomba nimpige picha, akakubali, ila papo hapo akakakamaa kama anayepigwa ya kitambulisho. Dada akaketi kwenye ndoo iliyofunikwa, akamsalimia kwa Kigogo, wakaanza kuulizana za nyumbani. Walipozama kwenye maongezi nikachuchumaa, nikapiga mikono tu, maji yakichuruzika, mwanga ukitokea ubavuni.

Dada aliitazama picha ile kwa muda mrefu.

"Ana kovu kwenye kidole gumba," alisema, akatabasamu. Mimi sikuwa nimeliona.

Tuliendelea hivyo hadi mvua zikaja na kwisha. Picha zangu zilikuwa zikipendeza kadiri macho yake yalivyokuwa yakififia. Nilitafuta rangi kali, vitu vikubwa, ukuta mtupu nyuma. Siku moja tulikwenda Zuzu, kule reli inakopita, nikaona gauni jekundu limeanikwa kwenye ua. Nikalipiga, nikampa simu.

"Naona wekundu," alisema. "Ni nini?"

"Gauni, limeanikwa."

"La mtoto au la mtu mzima?"

Gauni lilikuwa limejaa kioo kizima. Nikaisogeza simu karibu zaidi na jicho lake. Akapapasa mkono wangu, akanirudishia simu.

"Usinionyeshe tena, mdogo wangu. Niambie tu."

Kumwambia kulinishinda. Nilirundika maneno, mlima na mbuzi na mawingu, naye akawa ananisikiliza kwa adabu kama alivyowasikiliza zamani watoto waliokariri. Baadaye hakutaka tena kutoka. Bintiye akaja kumchukua, akaenda kuishi naye Kongwa. Nilimfungia nguo zake mimi mwenyewe. Alipopanda gari aliniaga akiwa ameelekeza uso upande ambao sikuwapo.

Siku hizi natembea peke yangu. Majirani wanazisifu picha zangu, wengine wananiita kwenye harusi. Wakiniuliza nilijifunzia wapi, nawaambia watoke mapema, wasogee, wafute kioo.

Jumamosi iliyopita nilimpigia dada simu.

"Leo umepiga nini?"

"Mzee mmoja, anakunja gunia."

"Ana viatu?"

Ilinibidi niifungue picha nitazame.

"Hana, dada."

"Haya," alisema. Nikamsikia bintiye akimwita aje ale, na sauti ya kiti kikiburutwa. Aliniambia nimsalimie kila mtu, kisha akaisogeza simu mbali na sikio, akimwuliza bintiye ni wapi panapobonyezwa ili ikatike.